Mtu Mbaya wa Saluni ya Shemeji

Mtaa mzima hakuna anayeigiza mtu mbaya kunizidi. Shule niliiacha darasa la tano, ilikuwa inanichelewesha. Aliyenigundua ni Shemeji, mke wa kaka yangu. Ni msusi, mdomo mkali kuliko mkasi wake.

Jumamosi mchana vijana hujaa chumba cha nyuma cha saluni kuandika michezo. Kinachowakaba rohoni wanakiandika, mwingine anakiigiza, mwandishi anakaa kutazama.

"Kikisimama mbele yako," Shemeji huwaambia, "unaona kina urefu gani."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya binti mmoja, yatima, anayelelewa na kaka yake. Kaka mwenyewe mtaa unamsifu: mpole, hakosi salamu. Shemeji alikuwa anamsuka binti huku tunaigiza mchezo wake. Mimi nilikuwa mwenye nyumba. Nikanguruma, vijana wakavunjika mbavu.

"Mjomba, hapigi kelele," binti akasema.

"Mtu mbaya asiyepiga kelele? Huyo si mbaya, huyo anaumwa koo!"

"Anaongea taratibu. Kwanza anafunga madirisha."

Nikajifanya nafunga. Nikasema taratibu, kama alivyoandika: "Njoo hapa, mdogo wangu."

Nywele zilinisimama, na mimi nina kipara.

"Mwanangu," Shemeji akamwinamia, "haya umeyatunga?"

Binti alikuwa anatazama mlango.

"Hodi," alisema kaka yake. "Nimemfuata mdogo wangu. Mbona vumbi hivi?" Akafunga dirisha.

Shemeji alikuwa amebakiza msuko mmoja. Akafumua mitatu.

"Bado sana. Akitoka hivi watamcheka."

"Nitasubiri." Akafunga la pili, akaketi.

"Shemeji, uzi umeniishia. Kimbia!" akanigeukia, maana nami ni shemeji yake.

Kikapu cha uzi kilikuwa kimejaa miguuni pake. Jicho alilonitolea lilinitosha. Binti ana ndugu mwingine mmoja tu, mama yake mdogo, anauza mkaa mtaa wa pili. Nikakimbia, na tumbo hili.

Tuliporudi, madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Shemeji anafumua alichosuka. Vijana wamekaa vilevile, hakuna aliyetoka.

"Mtoto analala kwangu," mama mdogo akasema, akihema.

Kaka mtu akainuka. Akatabasamu.

"Sawa, mama mdogo," alisema taratibu. "Kwa leo."

Tukamsikia anaenda zake, bila haraka.