Timu ya Baba Yake Bibi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya timu ya chuo chao hapa Maskati, vijana kumi na mmoja wamenuna kwa kufungwa. Papo hapo nikahisi harufu ya udi.

Bibi alikuwa na picha kama hiyo ukutani kwetu, mtaa wa Wadi Kabir: timu ya mpira ya chuo alichosoma baba yake, Unguja ya zamani, vijana wamesimama miguu mitupu. Msimu mzima hawakushinda hata mechi moja, na Bibi alilisimulia hilo kwa fahari.

Alhamisi moja alasiri, nikiwa mtoto, nyundo za gereji zikigonga nje, aliweka chetezo chini ya picha, akawa anagusa uso mmoja mmoja, akitaja jina na kunong'ona. Alipofika kwa golikipa nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, leo watashinda?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Inshaallah, mwanangu. Nnawaombea, maana wengine hawana mtu."

Mimi nikaelewa kwamba hawana washangiliaji. Basi nikawapigia makofi kwa nguvu zangu zote, na Bibi hakunikataza.

Sikujua kuwa kule kunong'ona kulikuwa kuwasomea Fatiha, na kwamba wote walikwisha kufa zamani.

Alhamisi hii nilifukiza udi mbele ya picha ile ile ya Bibi, nikawasomea wote kumi na mmoja, nikaongeza jina la Bibi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikapiga makofi.