Fahali wa Amani Ametekwa Msibani

Saa tatu asubuhi, mwanamke aliyeajiriwa kulinda fedha za amani amesimama nje ya ua wa mzee wa miaka sabini na nne, anamtukana kwa sauti inayofika sokoni.

"Toka nje, mla punda! Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu!"

"Nani anabweka?" sauti inajibu kutoka ndani. "Kama ni yule mtumwa wangu Msamo, mwambieni leo hatujachinja mbwa. Kichwa hakuna!"

Wapita njia wanacheka na kuendelea na safari zao. Honorine Paré ni Msamo, mzee Boukary Zoromé ni Mmosi, na watu hawa ni watani tangu enzi za mababu. Matusi yao ni salamu: Mmosi huitwa mla punda, Msamo mla vichwa vya mbwa. Ila leo Honorine hacheki.

Honorine, 43, ni meneja wa ruzuku katika shirika linalogharamia miradi ya amani kwenye vijiji vya mpaka wa Burkina Faso na Mali. Kazi yake ni kuhakikisha fedha zinafika, zinafanya kilichoahidiwa, na kilichonunuliwa kinaonekana. Leo mkaguzi anakuja kutoka Ouagadougou kutazama kwa macho yake. Kila kitu kipo, isipokuwa fahali mwekundu wa faranga laki tatu na nusu.

Fahali huyo alinunuliwa kwa ajili ya kiapo. Wakulima Wasamo na wafugaji Wafulani wa kijiji cha Tiankoro wamekubali kula nyama yake kutoka chungu kimoja, kisha wasimike nguzo za saruji kuonyesha njia ya mifugo kwenda mtoni. Asipoonekana, fedha za nguzo hazitoki. Na mvua imekaribia. Mwaka jana ugomvi ulianza kwa tuta moja la mtama lililolimwa njiani, ukaishia na wanaume watatu hospitalini.

Amani si mara ya kwanza kuletwa hapa, na wenye kumbukumbu hawajasahau. Mwaka wa njaa, amani ililetwa kwa fulana, nyeupe, zenye picha ya mikono imeshikana. Zilichuja kabla mikono haijashikana. Mwaka uliofuata wakaja wakubwa na njiwa kwenye vizimba. Njiwa wakaachiwa mchana, wakapigiwa makofi, jioni wakaliwa. Halafu likaja kongamano lenye mahema. Wageni walikula, wakahutubia, wakaondoka hata na mahema.

"Ndiyo maana hizi nguzo nazitaka kama mtu anavyotaka mtoto," anasema Honorine. "Nguzo hailiwi wala haichuji."

Fahali alipoteaje? Alikuwa amefungwa kwa Lassina Toé, mweka hazina wa kamati ya kijiji. Wiki iliyopita baba yake Lassina alifariki akiwa na miaka tisini na moja. Wamosi wakaja msibani kama watani wanavyopaswa. Mmoja akajilaza kaburini na kukataa kutoka. Mwingine akavaa kofia ya marehemu, akaigiza kikohozi chake mpaka wajane wakacheka huku wanalia. Mazishi yakasimama hadi walipwe.

"Kwa kawaida wanachukua kuku," anasimulia Lassina, aliyefuatana na Honorine hadi uani. "Safari hii mzee Boukary akafungua kamba ya fahali."

"Na wewe ukatazama!" Honorine anamkatiza.

"Ningefanyaje, dada? Ukimdai mtani alichochukua msibani, umemfukua baba yako."

"Ungemwambia ni mali ya mradi!"

"Mradi haukufiwa. Mimi ndiye niliyefiwa."

Mzee Boukary anatoka hatimaye, mswaki mdomoni, na kutaja masharti. Fahali atatoka iwapo Honorine atajitwika mzigo wa majani kutoka sokoni hadi zizini, akitangaza njia nzima kwamba Mmosi ndiye bwana wa Msamo.

"Bora niache kazi," anajibu Honorine. "Marehemu baba yangu atageuka huko aliko."

"Akigeuka, mgeuze tena. Watumwa mmezoea kugeuzwa."

Honorine anatazama upande wa Mali. Wingu la kwanza la msimu limeanza kujikusanya. Anavua viatu vyake vya ofisini, anamkabidhi Lassina, na kwenda sokoni.

Wauza vitunguu wanapiga vigelegele. "Mmosi ni bwana wa Msamo," anatamka Honorine chini ya mzigo, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. "Sisikii!" anafoka Boukary nyuma yake, akitembea na fimbo kama mfalme. Honorine anarudia. Ni wakati huo gari jeupe linaposimama na mkaguzi kushuka, suti imenyooka, miwani nyeusi.

"Madamu Paré? Huyu mzee anakudhalilisha?"

"Huyu mzee anatunza mali ya mradi," anasema Honorine, majani yakimfunika macho.

Boukary anamkagua mkaguzi kuanzia viatu. "Wewe ukoo gani, mwanangu?"

"Drabo," anajibu mkaguzi, na papo hapo anaonekana kujuta.

"Msamo mwingine!" Mzee anainua fimbo juu. "Mungu leo amefungua mkono! Hebu msaidie mwenzako mzigo!"

Soko zima linangoja. Watu wa suti kutoka mji mkuu tunawajua. Lakini huyu anavua miwani, anaikunja taratibu.

"Mzee," anasema, "kule mjini tulisikia Wamosi wote mmekufa kwa kuvimbiwa nyama ya punda. Kumbe amebaki mmoja wa kunitukana?"

Soko linalipuka. Mkaguzi anashika upande mmoja wa mzigo, wanaingia zizini pamoja. Fahali yupo, amenenepa, hereni yake ya sikioni ina namba ileile iliyo kwenye karatasi za mradi. Fedha za nguzo zitatoka.

Baadaye, wakinywa maji ya unga wa mtama, Honorine anauliza kinachomkera tangu asubuhi. "We mla punda, kwa nini fahali? Kuku asingetosha?"

Boukary anaweka kibuyu chini. "Miaka mitatu tumezika vijana," anasema. "Aliyeuawa hataniwi. Unafika, unasimama kimya, unarudi nyumbani. Mzee Toé amekufa kwa uzee, juu ya kitanda chake. Tulifurahi mno, binti. Tukasahau kipimo."

Kiapo ni Jumamosi. Honorine anataka nguzo zifike mtoni kabla ya kupanda, kisha aombe ruzuku ya njia ya pili. Ana mpango mwingine pia, nao hautaki mfadhili.

"Nataka kumzika huyu mzee. Afe kwa uzee, kitandani kwake. Siku hiyo nitalala kaburini mwake, na sitoki bila ng'ombe wawili."

Boukary anasukutua kinywa, anatema pembeni, na kutazama wingu.

"Basi wahini na hizo nguzo," anasema. "Mnipe nafasi ya kuzeeka."