Ini la Mkaguzi wa Nyama

Baba alikuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja cha Dagoretti hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupasua maini na mapafu akitafuta minyoo na majipu, kisha kuipiga muhuri nyama iliyo salama. Iliyo mbovu ilitupwa shimoni. Lakini hakuwahi kutupa ini lolote kabla ya kumwita mwenye ng'ombe alitazame kwa macho yake, na kumpa pole. Wenzake walimcheka kwamba anapoteza muda. Yeye alisema kumtupia mtu mali yake bila kumwonyesha ni wizi.

Mwaka jana ini lake mwenyewe likaota uvimbe. Daktari wetu wa Kilimani aliniita pembeni, Baba akiwa amebaki kwenye benchi, akaniambia umeenea na hakuna cha kukata. Nilimng'ang'ania. Hakuna kitu kingine kabisa? Ndipo akanieleza, nadhani kwa huruma tu, kuhusu chembechembe zinazoundwa maabara, ndogo kiasi kwamba elfu moja zikipangwa mstari hazizidi upana wa unywele. Siku moja zitabebeshwa dawa na kuipeleka moja kwa moja kwenye uvimbe, sehemu nyingine za mwili zisiguswe. Kwa ugonjwa wa Baba, alisema, hayo bado ni majaribio ya huko mbali. Tena nyingi huishia kwenye ini, na hakuna anayejua vizuri zitamfanya nini mtu zikikaa humo miaka.

Nilificha picha ya ini aliyopigwa hospitalini kwenye buti ya gari, nikamsimulia Baba nusu ya kwanza tu ya habari za chembechembe. Nafundisha kemia katika shule moja ya Kitisuru, kwa hiyo maneno yalinitoka vizuri. Nilimwambia dawa iko njiani.

"Ikimaliza kazi inaenda wapi?" aliuliza.

Nikasema inatoka tu.

"Inatokea wapi? Ini ndio hushika kila uchafu, mama. Mimi nimezipasua." Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Na kitu haionekani, nani ataikagua?"

Nilikasirika. Nilimwambia dunia haiwezi kukaa ikingojea kisu chake. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nadanganya.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili tukitoka kanisani, aliniuliza kama dawa imefika. Nami nilijibu bado kidogo. Suti yake ilizidi kumpwaya, macho yakawa ya manjano, na bado nilijibu bado kidogo. Sikuwa na tumaini lolote. Nilikuwa naogopa tu kuwa mtu wa kumwambia.

Kisha ikaja Jumapili ambayo hakuuliza kuhusu dawa. Aliketi kwenye kochi na koti lake, akaniambia nimletee ile picha. Nikasema sikumbuki nilikoiweka.

"Mwenye mali huonyeshwa," alisema.

Nilienda kwenye gari nikaitoa. Aliishika mbele ya dirisha kwa mikono miwili, akafuata kingo za ini kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuniuliza maana ya chochote.

"Hii ningetupa," alisema.

Halafu akanigeukia na kunipa pole, kwa sauti ileile aliyowapa nayo pole wenye ng'ombe.