Kuchaji kwa Wapinzani Asubuhi ya Posa

Sikununua gari la umeme ili nionekane, ingawa nilionekana. Nililinunua kwa sababu umeme naujua. Mara ya kwanza nilipoishi Johannesburg nililala mtaa wa Berea, watu sita chumba kimoja, na mchana nililinda magari ya wengine kwenye maegesho. Nikarudi Kenya, nikasoma miaka mitatu, nikapata diploma ya ufundi umeme. Nilipokuja tena mji huu nilikuwa mtu wa kuitwa kwenye maghorofa ya Sandton kutafuta hitilafu ambayo wenye digrii wameitafuta wiki nzima. Sikubebwa na mtu. Kwa hiyo siku nilipokabidhiwa funguo za gari lile jeupe nilijua kila kilichomo chini ya sakafu yake. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba wanaonunua magari ya kampuni pinzani, yale yenye skrini kubwa kama televisheni ya baa, wananunua skrini, si gari.

Mpwa wangu aliyezaliwa hapahapa, mtoto wa dada yangu, alipata mchumba Soweto. Kwa desturi ya watu wa binti, wajumbe wa posa hufika asubuhi, husimama nje ya geti na kuita kwa sauti jina la ukoo mpaka wafunguliwe. Mposaji mwenyewe hubaki kwake akisubiri simu. Tuliambiwa saa mbili kamili, na tukaonywa: wajumbe wakishaingia geti linafungwa, na hakuna anayeongezwa mpaka mazungumzo yaishe. Msemaji awe mjomba. Mjomba ni mimi. Nilikuwa nimejifunza maneno ya Kizulu ya kubishia hodi, nikayarudia bafuni wiki nzima mpaka mke wangu akaniomba nimhurumie.

Wenzangu wawili walikuwa Wakongo wa kanisani. Mmoja alikuwa Mzee, fundi cherehani tuliyepanga naye Berea zamani. Wa pili alikuwa rafiki yake, mtu wa maneno machache. Ijumaa walilala kwangu ili tutoke mapema. Tatizo ni kwamba tangu Alhamisi mtaa wetu haukuwa na umeme. Nyaya za chini zilikuwa zimeibwa, na mafundi walikuja, wakatazama shimo, wakaondoka. Tulipotoka alfajiri ya Jumamosi betri ilisoma asilimia tisa. Sikuwa na wasiwasi. Nilikwenda kwenye chaja yangu ya kawaida pale madukani, nikaikuta skrini nyeusi. Nayo ilikula laini ileile iliyoibwa.

Kikabaki kituo kimoja tu, karibu na barabara kuu, chenye paneli zake za jua juu ya paa. Cha wapinzani.

Siku hizi wanaruhusu magari yote, ila wanakuruhusu kama mtu anayekufungulia mlango bila kusogea. Magari yao yana tundu la kuchajia nyuma, la kwangu liko mbele, na waya wao ni mfupi. Nikaegesha kinyume, haukufika. Nikaegesha mshazari, nikakalia nafasi mbili, ukafika. Kisha apu yao ya simu. Ikanitaka barua pepe, namba ya gari, nenosiri lenye herufi kubwa, halafu ikaniuliza gari langu ni la aina gani. Magari yao yaliorodheshwa kwa picha nzuri. Sisi wengine wote tuliandikwa "mgeni".

Nikachomeka. Nikasikia kufuli la tundu likilia tak, nikabonyeza kuanza. Taa nyekundu. Nikachomoa, nikafuta ncha kwa shati, nikachomeka tena. Nyekundu. Nikahamia mashine ya pili, nikaegesha mshazari upya. Nyekundu.

Mzee akateremsha kioo. "Papa, motokari yako iko nakunywa ao iko nalala?"

"Inakunywa sasa hivi, Mzee."

Mlinzi wa kituo, mama wa makamo mwenye koti kubwa la kazi, alikuwa ametusikia. Alikuwa mtu wa Bukavu, Mkongo naye. Akamsalimia Mzee kwanza, wakaulizana habari za kwao, ndipo akanigeukia. "Papa, iyi mashini haitaki vile. Chomoa kwanza. Telefone njo inaanza, waya njo inafuata."

Nilimweleza kwa upole kwamba mimi ni fundi umeme mwenye diploma. Siku ya kwanza kabisa darasani tulifundishwa: funga waya, hakikisha umekaa, ndipo uwashe. Anayefanya kinyume anaunguza kitu au anaunguza mtu.

"Ah bon," akasema. "Miye niko wa kulinda tu." Akarudi kwenye kiti chake.

Saa moja asubuhi ilikuwa imepita. Akaingia mwenye gari la kampuni yao, mwanamume aliyevaa nguo za mazoezi, akapiga honi fupi na kutoa kichwa. "Broer, umekuja kula kwetu na bado unakalia viti viwili?" Alisema kwa Kiingereza, akicheka. Akaegesha nafasi ya mwisho, akachomeka tu, hakugusa hata simu. Taa ya kijani. Gari lao likichomekwa hujitambulisha lenyewe, yeye akaenda kununua kahawa. Sijawahi kuchukia rangi ya kijani kama siku ile.

Mpwa wangu akapiga simu. "Mjomba, eish, mko wapi?"

"Karibu."

"Karibu na wapi?"

Nikakata. Mzee alikuwa ameshuka, amemshikia mlango mwenzake, na mama mlinzi alikuwa tayari amewasimamishia teksi getini.

"Kuya, tuende wote," Mzee akaniambia.

"Mzee, mjomba hawezi kushuka kwenye teksi mbele ya wakwe. Nipeni dakika kumi."

"Bakwe bako naangalia motokari ao bako naangalia bantu?"

"Tangulieni. Nawafuata. Nitawakuta getini."

Alinitazama kidogo, akafunga kifungo cha koti lake, wakaondoka.

Nilijaribu mara tatu zaidi kwa njia yangu. Niliisoma mashine ile kama ninavyosoma mashine yoyote, nikakagua ncha, nikapima kwa akili kila hatua. Sikuona kosa, kwa sababu kosa halikuwa la umeme. Mashine ilikuwa imeandaliwa kudhani kwamba kila kinachochomekwa ni ndugu yake, na ikimkosa ndugu inafunga. Mgeni lazima abishe hodi kwanza kwenye simu. Mama mlinzi alipozunguka upande wa choo, nikachomoa, nikabonyeza kuanza, nikangoja taa imulike, nikachomeka. Kijani. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambazo sikuwa na wa kumpa.

Nilipofika Soweto ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. Geti lilikuwa limefungwa. Nikasimama mbele yake, nikayasema maneno yangu ya Kizulu yote, kwa sauti, bila kosa hata moja. Kijana wa ndani akaja, akanieleza kwa heshima kupitia upenyo kwamba wajumbe wameshaingia. Nikamwambia mimi ndiye mjomba. Akasema atauliza. Akarudi na kiti cha plastiki, akakipitisha juu ya geti.

Nilikaa nje mpaka saa sita. Mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, kijana wa Kihabeshi, alikuja kuniuliza gari linakwenda kilomita ngapi. Siku nyingine ningemfungulia boneti. Nilimwambia sijui.

Kisha vigelegele vikalipuka ndani, virefu, vikipokezana, na majirani wakatoka kwenye milango yao wakapokea. Posa ilikuwa imekubaliwa. Nilifurahi, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Mzee alitoka amefungwa blanketi jipya mabegani, zawadi ya wakwe. Tulipoingia garini nikamuuliza mambo yalikwendaje.

"Balitupokea muzuri. Baliuliza mjomba ni nani."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia njo miye."

Kwamba mjomba ndiye yeye! Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka miaka yangu mitatu ya masomo, na Mzee aliyekuwa akimpeleka mpwa wangu shule kila asubuhi kupitia mitaa ya Hillbrow, huku dada yangu akisuka watu nywele tangu alfajiri. Nikawasha gari.

Simu ikalia kwenye spika. Mpwa wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alikitafuta chote alichonacho. "Asante, asante sana. Nataka kuongea na mjomba."

"Ni mimi," nikasema.

"Hapana. Yule aliyeingia."

Mzee akasogea karibu na spika, akakohoa kusafisha koo, nami nikatazama barabara.