Makofi Katika Mabano

Kwa miaka thelathini na mmoja Raheli Matonya aliishi kwa kuandika maneno ya watu wengine. Aliweka visikilizio masikioni, akasikiliza kila kilichosemwa bungeni, akakichapa neno kwa neno. Wasemaji waliposhangiliwa alifungua mabano, akaandika Makofi, akafunga mabano. Watu wakicheka aliandika Kicheko, na akina mama wakizidiwa na furaha aliandika Vigelegele. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama makofi yalistahili, na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Alistaafu akiwa na goti bovu, cheti cha utumishi bora na dharau nyingi. Dharau ndiyo iliyomtunza. Asubuhi alikunywa nayo chai kwenye kibaraza chake pale Makole, na jioni alilala nayo. Aliwadharau zaidi watu wa kushangilia, maana masikio yake yalikuwa yamefundishwa, na angeweza kukwambia, hata akiwa amefumba macho, nani amepiga makofi kwa kuwa amesikia na nani amepiga kwa kuwa jirani yake amepiga. Wa kwanza, alisema, ni wachache sana.

Kanisa lake lilikuwa Ipagala, jengo kubwa ambalo upande wake mmoja ulikuwa bado haujaezekwa. Walimpa ukarani, naye akaupokea kana kwamba amerudishwa kazini. Ibada kubwa zote alizirekodi kwa kinasa sauti chake kidogo, akaketi na kuzichapa, na Jumamosi akausomea mkutano wa wazee wa kanisa taarifa yake. Jambo moja alilojivunia kuliko hata watoto wake ni kwamba tangu aanze kazi hakuwahi kuongeza neno wala kuondoa neno. Hilo alilisema mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Mwezi ule kanisa lilitangaza Wiki ya Sifa, na Jumapili ya kilele somo akapewa Elisante, kiongozi wa timu ya waimbaji. Elisante ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ana viatu vyenye ncha na tabia ya kufumba macho anapoongea na watu. Kichwa cha somo kilikuwa maana ya kusifu na kuabudu katika Biblia. Taarifa ya Raheli ya siku hiyo ingechapwa kijitabu kizuri na kugawiwa kwa waumini wote, ili hata watakaokuja baadaye wajue.

Na maana yenyewe, kwa mujibu wa Elisante, ilikuwa hii: nyimbo za haraka ni kusifu, nyimbo za polepole ni kuabudu. Ukiruka umesifu. Ukifumba macho na kuyumba na mkono mmoja ukiwa juu, umeabudu. Machozi yakitoka ni vizuri zaidi. Raheli, kwenye benchi la kwanza, kinasa sauti kikiwa kando yake, alisikiliza huku akijiuliza watakatifu wa kale waliwezaje kumjua Mungu bila kinanda cha umeme.

Baba yake alikuwa mwinjilisti, akizunguka kwa baiskeli vijiji vya Mvumi, akifundisha kwa Kigogo kwanza kisha kwa Kiswahili. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba kuabudu kwenye Biblia ni kushuka. Watu wanaanguka kifulifuli, uso mpaka mavumbini. Ibrahimu alipowaambia watumishi wake wabaki na punda ili yeye na kijana wapande kuabudu, hakuwa anakwenda kuimba polepole. Alikuwa anakwenda kutoa alichokipenda kuliko vyote. Na kusifu, alisema mzee, ni kuyataja kwa sauti aliyoyatenda Mungu, uwe umefurahi au umenuna. Tena kuna nabii Amosi, aliyewaambia watu kwamba Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo zao. Hapo Elisante hakupafungua.

Mgeni rasmi alikuwa Bwana Cornel, mkurugenzi katika wizara mojawapo, na kanisa zima lilijua kwa nini ameitwa. Lile paa lilihitaji mabati. Alitarajiwa saa tatu. Saa nne ikapita. Nyimbo za haraka zikaisha zote, zikarudiwa, watu wakaloa jasho. Ndipo Elisante akaamua kuingia kwenye kuabudu, akawaagiza wote wapige magoti. Wafumbe macho, wasahau aliye jirani, waisahau dunia.

Dunia ikaingia saa tano kasoro, kwa mlango wa mbele, ikiwa imevaa suti ya kijivu. Mchungaji Ambokile aliinuka kwanza, wazee wakafuata, kisha kanisa lote likasimama kwa kishindo cha mabenchi. Kinanda kilikatika katikati ya mstari uliokuwa ukimwambia Mungu kwamba hakuna mwingine kama yeye. Makofi yalichukua muda mrefu.

Raheli hakuinuka. Alibaki magotini peke yake, na habari hiyo ilienea Makole haraka sana kwa kuwa aliieneza mwenyewe. Alimpigia simu mwanawe Damas aliyeko Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi. Alimweleza muuza mchicha. Mordekai wa kitabu cha Esta, alisema, alikataa kumwinamia Hamani, na yeye alikataa kumwinukia Cornel. Jumanne Mchungaji alipompigia, akamshauri kwa sauti ya asali kwamba kwenye kijitabu sehemu ile iandikwe tu kuwa waumini waliendelea kuabudu, Raheli alimsubiri amalize.

"Mchungaji," alisema, "mimi sijawahi kuondoa neno. Waliosimama wataandikwa kuwa walisimama, na Jumamosi nitawasomea."

Akakata simu, akajisikia ana umri wa miaka arobaini.

Jumatano alikwenda kwa jirani yake Nasma, mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake umefanya biashara mjini hapa tangu enzi za misafara. Nasma alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza kisa chote, punda wa Ibrahimu na Mordekai wote wakiwemo, bila kuondoa macho kwenye mchele wake.

"Mama Damas," akasema mwishowe, "mtu aliyesujudu paji lake liko chini. Sasa wewe ulijuaje kaingia nani?"

Raheli alijibu kwamba alisikia kishindo. Nasma akaitikia kwamba sawa, akatupa jiwe dogo uani. Jibu hilo fupi lilimkera Raheli kuliko kama angebishiwa. Watu wa nje, alijiambia akirudi kwake, hawaelewi mambo ya ndani.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana alifikia sehemu yenyewe. Aliisubiri kwa hamu. Kinanda, Elisante akilia kwa ustadi, mlango, mabenchi, kimya kifupi. Halafu, kabla ya kofi la kwanza la mtu yeyote, vikapigwa vigelegele. Vilikuwa karibu kabisa na kinasa sauti, virefu, vya furaha tupu, na mwishoni vikakwaruza.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametambua sauti za watu mia tatu na zaidi bila kuona uso, na kikwaruzo hicho hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Watoto wake walikuwa wakikicheka harusini.

Akavua visikilizio, akaviweka mezani, na yote yakamrudia. Hakuinuka kwa sababu ya goti. Alijaribu, alishika benchi kwa mikono miwili, goti likakataa. Macho hayakuwa yamefumbwa. Tangu saa nne yalikuwa mlangoni. Cornel huyu, kabla hajawa mkurugenzi, alikuwa ofisa mdogo wa kupeleka majalada pale bungeni, na kila alipopita koridoni alimwamkia, shikamoo mama Matonya. Raheli alitaka amwone. Alitaka, mbele ya kanisa lote, mkurugenzi asimame na kumwamkia kwa jina. Kwa kuwa miguu haikuweza kumwinua, aliinua sauti. Na Cornel akapita bila kugeuza shingo.

Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Elisante angalau alitaka mabati. Mchungaji alitaka mabati. Yeye alitaka shikamoo.

Jioni ile ushauri wa Mchungaji ulianza kuonekana una hekima. Kijitabu ni cha kujenga watu. Sauti zilikuwa nyingi, nani angejua? Vigelegele vingeingia kwenye makofi na kupotea humo. Alichapa kama alivyoshauriwa, kwamba waumini waliendelea kuabudu, akaisoma sentensi hiyo kwa sauti. Ilikuwa sentensi safi. Akaketi akiitazama, akamkumbuka baba yake na baiskeli yake, na kidole chake kilichopita chini ya kila neno la Maandiko bila kuruka hata lile lililomuumiza. Kisha akaifuta.

Jumamosi wazee wa kanisa walikaa tisa, pamoja na Mchungaji, na Elisante aliyealikwa kwa ajili ya somo lake. Elisante alimwamkia kwa heshima, akafumba macho tayari kusikia maneno yake mwenyewe. Raheli alisoma ukurasa baada ya ukurasa kwa sauti ile kavu ya kazini. Alipofika kwa mgeni rasmi, Mchungaji alianza kukunja na kukunjua karatasi.

Akasoma yaliyomo ndani ya mabano. Waumini wote wanasimama. Kinanda kinanyamaza. Vigelegele kutoka benchi la kwanza, Raheli Matonya. Makofi.

Mzee mmoja alikohoa. Elisante alifumbua macho. Mchungaji Ambokile alitabasamu kama mtu aliyeona mlango umefunguliwa, akasema kwa upole kwamba mama alikuwa na furaha tu, binadamu ni binadamu, na kwa kuwa sasa jambo linamgusa karani mwenyewe, sehemu yote hiyo ifutwe, waendelee.

"Isifutwe, Mchungaji," Raheli alisema. "Siku ile tulisifu kwa saa mbili. Hivyo vigelegele ndiyo sifa pekee iliyotoka moyoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Akalowanisha kidole, akageuza ukurasa, akaendelea kusoma pale mgeni rasmi alipoanza kuwashukuru.