Jaji Aliyeanza Kuwamalizia Watu Maneno

Katika miaka ya themanini nilikuwa karani wa mahakama pwani ya Kilifi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutafsiri. Jaji alikuja mara chache kwa mwaka kusikiliza kesi nzito. Yeye alizungumza Kiingereza, watu wa vijijini walizungumza Kigiriama, nami, binti wa kijiji cha Marafa niliyesomeshwa na masista, nilisimama katikati. Neno lao halikumfikia ila lipitie kinywani mwangu.

Jaji ninayemkumbuka zaidi alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mwaka wake wa kwanza alituchosha kwa maswali. Shahidi akitaja jambo asilolijua, aliinua kalamu na kuniuliza maana yake hasa ni nini. Aliandika ushahidi wote kwa mkono, na akiachwa nyuma alimwomba shahidi radhi amngojee. Palitokea kesi ya mpaka kule Junju, mawakili wakabishania ramani kutwa nzima. Kesho yake asubuhi jaji alikwenda mwenyewe shambani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alivua viatu, akakunja suruali, akaufuata mpaka kwa miguu hadi kwenye safu ya mikonge, huku wazee wa pande zote mbili wakimwonyesha. Niliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba safari hii tumepata jaji.

Siwezi kutaja siku aliyobadilika. Alipandishwa cheo, akapewa gari kubwa zaidi na askari wa kumfungulia mlango. Wenye hoteli za Watamu walimwalika, wakubwa wa wilaya walimwinukia, na mawakili walicheka kabla hajamaliza mzaha wake. Mwaka wa tatu aliacha kwenda mashambani, akasema ramani zatosha. Mwaka wa nne akaanza kuwamalizia watu maneno. Shahidi alikuwa bado anaeleza alivyofika kisimani, na jaji ameshaandika kilichotokea kisimani. Kufikia mwaka wa tano alikuwa akiniashiria kwa kidole tu, na kidole kile maana yake ilikuwa nifupishe.

Nataka nimtendee haki. Sikuwahi kumwona akipokea kitu cha mtu, wala kusikia. Ila kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia hapana, na mimi ni mmoja wa walionyamaza. Nilikuwa nimejifunza kufupisha. Mzee angesema kwa dakika kumi, nami nikatoa sentensi mbili, jaji akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikajiona hodari.

Kisha ikaja kesi ya mama mmoja mjane, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya jembe. Shemeji yake alikuwa ameuza shamba, na mnunuzi alitaka mjane atoke asichukue hata nazi moja. Lakini minazi ilipandwa na mama huyu na marehemu mumewe. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine, na hilo hata mtoto analijua.

Wakili wa mnunuzi alimwuliza kama shamba lile ni lake. Mama akaanza kueleza kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe, hilo hakulikataa, ila minazi waliipanda wao wawili, mwaka aliozaa mtoto wake wa pili, wakiteka maji mbali. Kidole cha jaji kikainuka.

"Karani, ni ndiyo au hapana?"

Ningemwambia hapana, nisingekuwa nimesema uongo. Ardhi kweli haikuwa yake. Lakini neno hilo moja lingeandikwa, na minazi yake yote ingekwenda nalo. Mama alikuwa ananitazama mdomo, akingoja asikie maneno yake yakitoka.

"Mheshimiwa," nikasema, "shahidi hajamaliza, nami sijamtafsiri."

Mawakili waliinamia karatasi zao. Jaji alirudia swali lake polepole, akaongeza kwamba kuna adhabu ya kuidharau mahakama. Nikaishika meza. Nikamwambia kwamba nimeapa kutafsiri yote, na jibu la mama huyu si la neno moja. Akaahirisha kesi hadi mchana, akatoka.

Aliniita ofisini mwake. Nilikwenda nimeshaamua kwamba nikifukuzwa nitarudi Marafa nikalime. Alikuwa amevua joho, amekaa.

"Umekuwa ukinifupishia tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipoanza kuniashiria, Mheshimiwa."

Aliniambia niende nikale.

Mchana alimrudisha mama kizimbani, akamwambia aanze mwanzo. Nilitafsiri kila neno, mpaka habari ya maji. Aliandika hadi mkono ukamchoka, akaunyoosha, akaendelea. Hukumu ilipotoka, ardhi ilikuwa ya mnunuzi na minazi ikabaki ya mama, naye akapewa ruhusa ya kuingia kuangua nazi zake. Mama alinishika mikono yote miwili nje ya mahakama, akaniita mayo, mama, ingawa kwa umri yeye ndiye angenizaa.

Jaji hakurudi kuwa yule wa Junju. Kikao kilichofuata nilimsikia tena akimmalizia mzee maneno, nikasimama nikangoja mpaka aniangalie, akanyamaza. Tuliendelea hivyo, mimi kungoja na yeye kukumbuka, na siku nyingine hakukumbuka. Baadaye nilihamishiwa kwenye chumba cha mafaili. Kama ni yeye aliyetaka hivyo sijui. Niliandika barua kuomba nirudishwe kutafsiri, sikujibiwa, nikaandika nyingine, na nyingine, hata wakanirudisha, yeye akiwa ameshastaafu.

Jaji mpya alipofika nilikwenda kumwamkia. Nilimweleza kwamba mimi hutafsiri yote, hata yakiwa marefu, na sifupishi kwa ishara. Akasema vizuri sana, ndivyo anavyotaka. Nikamjibu kwamba nashukuru, na kwamba nitamkumbusha maneno hayo utakapofika mwaka wake wa nne.