Wala Watu Walipofika Chanji

Sisi tuliokulia Sumbawanga miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena tulikuwa na bahati ambayo watoto wa leo hawaipati hata kwa kununua: tulijua kuogopa. Tuliogopa kwa mwili mzima, mpaka kwenye kucha, halafu tukarudi kesho yake kuomba tuogopeshwe upya.

Chanji, mtaa wetu, naikumbuka kwanza kwa baridi yake ya wakati ule. Mwezi wa sita upepo ulikuja kutoka milimani ukipiga mluzi kwenye mabati, nasi tukavaa sweta za mitumba zenye maneno tusiyoyajua, mikono ikining'inia kama masikio ya mbuzi. Sabuni ilikuwa imerudi. Sukari ilikuwa imerudi. Biskuti zilipanda malori Tunduma, zikapita Laela, zikafika kwetu zimesagika, na hatukujali. Tulimimina ule unga kiganjani tukalamba. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali wa ulezi na maharage, jioni ugali uleule, ila jioni ulikuwa mtamu zaidi kwa sababu tulikuwa tumeshacheza rede na kombolela mpaka magoti yakawa na rangi ya barabara.

Nyumbani tulikuwa wengi, lakini wa rika langu alikuwa mmoja, Perpetua, binti wa mama mdogo, aliyeletwa kwetu asome shule ya mjini. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama alikuwa akisema, "Huyu akifika mbinguni, Mtakatifu Petro atamwachia funguo akapumzike."

Babu yetu mzaa mama alikuwa na shamba Mollo, ila moto aliuota kwetu, na hadithi zake za zimwi zilikuwa za pekee. Zimwi la babu halikuishi msituni. Lilikuja na lori. Ujanani mwake waandikishaji walipita vijijini kuchukua wanaume wa kwenda kukata mkonge pwani, na wengine hawakurudi. Kijijini hapakuwa na aliyejua walikofia, basi jibu likawa moja: wameliwa. "Wazungu wanakula watu," babu alisema, "na wakishiba wanaweka akiba kwenye kopo." Ndiyo maana mpaka anakufa hakugusa nyama ya kopo. Nilipokua na kuanza kusoma vitabu niligundua kwamba wazungu wa enzi hiyo nao walikuwa wakiwasimulia watoto wao kwamba sisi ndio tunaokula watu. Kila mmoja alisimama ng'ambo yake akimnyooshea mwenzake kidole kuhusu chungu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikichemka.

Ndipo video ikaja.

Mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, mnunuzi wa mahindi, alirudi kutoka Tunduma na televisheni, deki, na jenereta lililokohoa kama mzee mvuta tumbaku. Akaondoa magunia ghalani, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa turubai. Vumbi la mahindi lilibaki, hivyo ukumbi mzima ulitazama huku ukipiga chafya. Nje alitundika kadibodi: LEO MCHANA, WALA WATU. WENYE MOYO MDOGO WASIJE. Mtaa wote ukaja, na wenye moyo mdogo wakawahi viti vya mbele.

Filamu ilisema lugha ambayo hakuna aliyeielewa, hata mkalimani. Alikuwa kijana mwenye sauti ya mnadani na fimbo ndefu ya kuonyeshea, na kazi yake aliifanya kwa kutunga. Mzungu mmoja mwenye kofia pana alifungwa kwenye mti, akabebwa kama nguruwe kuelekea kwenye chungu kikubwa. Alipofungua mdomo kulia, mkalimani akadaka: "Anasema, jamani shemeji, mimi nimekuja tu kununua mahindi!" Mkuu wa wala watu, mtu aliyepakwa masizi na kuchomekwa mfupa puani, akanguruma. "Anajibu, mahindi yameisha, shemeji. Leo wewe ndiye mboga!"

Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Kisha kisu kikatoka, na mkalimani akafunika macho yake, akasema taratibu, "Hapa hakuna maneno."

Babu, aliyekuja amevaa koti la Jumapili, alisimama katikati ya ukumbi. "Simamisha! Mbona mmegeuza? Anayeliwa ni mzungu!"

"Babu, kaa, unatuziba!"

"Sikai! Enzi zetu wao ndio walikuwa wanakula!"

"Basi leo ni zamu yetu, babu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ghala zima likashangilia. Babu alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda rufaa.

Kuanzia hapo kombolela ilikufa. Tulicheza wala watu. Aliyekamatwa aliketi ndani ya blanketi, ndiyo chungu, tukamnyunyizia vumbi kama chumvi huku tukizunguka na kupiga kelele mpaka majirani wakatoka. Perpetua alikaa chunguni mara moja tu. Alitoka analia, akauliza, "Yule mzungu hakuwa na mama?" Akalamba kidole, akakipitisha shingoni, akaapa haki ya Mungu kwamba maisha yake yote hatakula mtu.

"Kiapo kizuri," babu akasema. "Na kopo pia usile."

Tatizo ni kwamba mwaka huo ndio tulikuwa tunapokea Komunyo ya kwanza. Magauni meupe ya satini yalikuwa yameshashonwa. Jogoo alikuwa amefungwa mguu jikoni, na wajomba wa Laela walikuwa wamekwisha kusema watakuja. Na katekista wetu, mtu mnyoofu asiyependa kubabaisha, alikuwa akitufundisha kwa mkazo kuhusu hostia, ule mkate mdogo wa Komunyo.

"Msiseme ni mfano. Msiseme ni picha. Ni mwili kweli."

Perpetua akanyoosha mkono. "Mwalimu, kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Na damu?"

"Na damu, mwanangu."

Perpetua alisimama, akakung'uta sketi yake, akasema kwa adabu, "Basi mimi mniache. Mimi sili mtu."

Halafu mtoto mmoja nyuma akaanza kulia, mwingine akasema naye hali, na kabla katekista hajafunga kitabu, darasa zima lilikuwa limegoma. Wengine walishawishika haraka siku zilizofuata, maana jogoo ana nguvu ya hoja. Perpetua hakutikisika. Akikataa, alikuwa anarudishwa kukaa na wadogo, na mama aliyekuwa ameshaalika ukoo mzima angeingia kanisani na mtoto mmoja badala ya wawili. Akikubali, alikuwa anavunja kiapo cha shingo. Alikonda. Usoni yakabaki macho tu.

"Perpetua, unataka kuniaibisha?" mama alimwuliza.

"Hapana, mama mkubwa. Nataka nisiwe mla watu."

Mama akatutuma kwa padri, nikiwa nimemshika mkono asikimbie. Padri alikuwa Mfipa mnene mwenye kicheko kilichoanzia tumboni na kuchelewa kufika mdomoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Wewe ndiye uliyegomesha darasa langu?"

Perpetua akamweleza yote: ghala, chungu, mfupa puani. Padri alisikiliza bila kucheka, ingawa tumbo lilitikisika. Akasema swali hilo ni la zamani kuliko kanisa lake. Zamani sana, wasiotujua walisikia tunakula mwili na kunywa damu, wakasema Wakristo ni wala watu. Wakawakamata, wakawatupia simba. "Waliosingiziwa kula ndio walioliwa."

"Na hao simba walikuwa wamebatizwa?"

Hapo kicheko kikamponyoka padri. Perpetua alikuwa hatanii.

"Padri, yule wa kwenye video alikuwa analia. Huyu tunayemla analia?"

Padri akaacha kucheka. "Alilia kabla. Usiku wa kukamatwa alilia sana."

"Walimkamata ili wamle?"

"Chakula alikigawa mwenyewe, kabla hawajamkamata. Aliwaita rafiki zake mezani."

"Akiliwa anakwisha?"

"Hakwishi. Watu wamekula tangu hapo, bado yupo."

Perpetua akafikiri, akivuta uzi wa sweta. "Nitaangalia," akasema. Hilo tu. Tulirudi nyumbani na jibu ambalo halikumsaidia mama hata kidogo.

Jumapili ilifika ikiwa na jua jeupe la baridi. Kanisa lilijaa vigelegele na harufu ya mafuta ya nywele. Tulipanga mstari, mimi mbele, yeye nyuma yangu, na mama akiwa benchi la kwanza, rozari imesimama vidoleni. Nilipokea, nikasogea pembeni, nikageuka kutazama ingawa tulikatazwa.

Padri aliinua hostia. "Mwili wa Kristo."

Perpetua aliitazama kwa muda mrefu. Tulifundishwa neno moja la kujibu, tulilifanyia mazoezi mpaka likatutoka usingizini. Yeye alisema, kwa sauti ndogo iliyosikika mpaka benchi la mama:

"Pole."

Mkono wa padri ulibaki hewani. Naye akamsubiri.

"Pole sana," Perpetua akarudia, safari hii akiikazia macho hostia, si padri. Kisha, "Amina." Akafungua mdomo. Alikula bila kutafuna, polepole, ili asimuumize, na padri alilazimika kusimama kidogo afute macho kwa mkono wa kanzu kabla ya mtoto aliyefuata.

Siku hizi ghala lile ni duka la simu. Juzi nilimkuta mpwa wangu kochini na washkaji zake, kila mmoja na simu yake, na kwenye kioo cha televisheni mtu analiwa kwa rangi kali na sauti safi, mifupa inasikika ikivunjika. Walikuwa wanakula chipsi. "Anti, mambo ya kawaida hayo, damu ni tomato tu," akanituliza, akachovya kiazi chake. Nilicheka, kwa kweli nilicheka sana. Tulikuwa washamba sisi, tulidanganywa na fimbo na turubai. Lakini nilikaa nao mpaka filamu ikaisha. Watu wengi waliliwa, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa pole.